Daktari Burkitt na Siri ya Unguja

Kati ya Mji Mkongwe wa Unguja na pwani ya bara pana mlango wa bahari ambao jahazi lenye upepo mwema huuvuka kwa siku moja. Joto la pande hizo mbili ni moja, masika na vuli ni zile zile, minazi na mikoko ni ile ile. Walakini katika miaka ya 1960 jambo la ajabu lilionekana. Saratani ya taya, iliyowaua watoto wengi wa bara, ilikuwa nadra mno Unguja na Pemba. Miongoni mwa walioitambua maana ya ajabu hiyo alikuwamo daktari mpasuaji Denis Burkitt, ambaye maisha yake twayaweka leo mbele ya wasomaji wetu, na hasa wazazi.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya aliyependa kuchunguza ndege na kuandika katika ramani mahali ambapo kila mmoja aliishi. Mwana naye alikuja kuwa mtu wa ramani. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho lake la kuume. Alisoma udaktari huko Dublin, akaomba kazi ya serikali katika makoloni ya Afrika, akakataliwa kwa ajili ya jicho hilo. Hakukata tamaa. Wakati wa vita aliingia jeshini kama daktari, akafika Afrika Mashariki, na mwaka 1946 akakubaliwa kufanya kazi Uganda, kwanza Lira, kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita atazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Majuma machache baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Alipofungua kumbukumbu za wagonjwa aligundua kwamba uvimbe wa taya uliandamana mara nyingi na uvimbe wa tumboni, nao wote ulikuwa ugonjwa mmoja. Kisu hakikuufaa kitu, na watoto walikufa kwa muda wa miezi michache tu.

Ndipo alipouliza swali ambalo wengi hawakuliuliza: ugonjwa huu wakaa wapi, na wapi haupo? Kwa fedha kidogo mno alipeleka picha na maswali katika hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari maili 10,000 kwa muda wa majuma 10 hivi, kutoka Uganda hata Afrika ya Kusini. Ramani yake ilionyesha kwamba ugonjwa ulipenda nchi za joto na mvua, ukaikwepa milima yenye baridi. Mwaka huo huo alitoa hotuba London, naye Anthony Epstein akaisikia. Epstein aliomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamevikuta virusi ndani yake.

Lakini virusi hivyo vimeenea duniani kote, na hapa ndipo Unguja inapoingia. Kisiwa kina joto, kina mvua, tena ki usawa wa bahari, na kwa ramani ile kilistahili kuwa na ugonjwa. Tofauti yake ilikuwa moja. Tangu mwaka 1958 nyumba za visiwani zilikuwa zikinyunyiziwa dawa ya kuua mbu, na malaria ilipungua sana. Mmarekani Gilbert Dalldorf alikuwa amekwisha kudokeza uhusiano na malaria, na mwaka 1969 Burkitt aliutetea, akivitaja visiwa hivi miongoni mwa ushahidi. Leo wataalamu wafahamu kwamba malaria irudiayo mara kwa mara huuchosha ulinzi wa mwili wa mtoto, na seli za damu zilizoingiwa na virusi huzidi kuongezeka. Baadhi yake huharibika kromosomu, na uharibifu huo ni mojawapo ya alama zinazotafutwa katika maabara ili kuutambua ugonjwa.

Burkitt hakuishia katika ramani. Mapema miaka ya 1960, akisaidiwa na wataalamu kutoka Marekani, aliwapa watoto dawa kama methotreksati na siklofosfamidi, tiba ambayo leo yaitwa tibakemia. Vipimo vilikuwa vidogo, na vifaa vilikuwa haba, walakini uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakaishi miaka mingi. Siku hizo ni wachache walioamini kwamba dawa peke yake yaweza kuishinda saratani. Mwaka 1967 kituo cha tiba hiyo kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt, Mkristo wa sala, aliondoka Uganda mwaka 1966. Miaka yake ya baadaye aliwahimiza watu kula nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Sisi twaona kwamba deni letu kwake halijalipwa. Dawa zipo, na ugonjwa huu hukua upesi kuliko saratani nyingine karibu zote, walakini huitikia dawa upesi vilevile. Hata hivyo watoto wa Afrika Mashariki wangali wanakufa kwa kuwa wafikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, au kwa kuwa nauli yaisha kabla ya dawa. Mzazi aonaye taya ya mtoto imevimba, au meno yakilegea pasipo sababu, asingoje mwezi mwandamo mwingine. Jirani mwenye nafasi na amsaidie nauli ya kurudi, kwani tiba iliyokatwa katikati huupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Na chandarua kitandani, pamoja na kumkinga mtoto na homa, huenda kikamwepusha na msiba mkubwa zaidi. Hilo Unguja ilisaidia kulionyesha.