Alfred Binet

Alfred Binet (Nice, 8 Julai 1857 – Paris, 18 Oktoba 1911) alikuwa mwanasaikolojia wa Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kutunga, pamoja na daktari Théodore Simon, kipimo cha akili cha Binet-Simon. Kipimo hicho kilikusudiwa kuwatambua watoto wa shule za umma waliohitaji elimu maalumu, lakini baada ya kifo chake kilitumiwa pia kwa namna iliyokwenda kinyume na mawazo yake.

Maisha

Binet alizaliwa Nice wakati mji huo ulipokuwa bado sehemu ya Ufalme wa Sardinia. Baba yake alikuwa daktari na mama yake mchoraji. Wazazi walipotengana alilelewa na mama yake, akasoma Paris katika shule ya Louis-le-Grand. Alipata shahada ya sheria mwaka 1878, ila hakuwa mwanasheria. Saikolojia alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu katika Maktaba ya Taifa.

Kuanzia mwaka 1883 alifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière chini ya Jean-Martin Charcot. Huko yeye na Charles Féré walidai kwamba sumaku inaweza kuhamisha dalili za ugonjwa kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Mbelgiji Joseph Delboeuf alionyesha kuwa wagonjwa walifanya tu yale waliyohisi kwamba wachunguzi wanayatarajia. Binet alikubali kosa lake hadharani na kuondoka Salpêtrière mwaka 1890.

Mwaka 1884 alimwoa Laure Balbiani, wakapata mabinti wawili, Madeleine na Alice. Kwa kuwachunguza nyumbani aliona kwamba kila mmoja ana njia yake ya kufikiri. Mwaka 1891 alijiunga na maabara ya saikolojia ya Sorbonne, akawa mkurugenzi wake kuanzia 1894 hadi kufa kwake.

Kipimo cha akili

Sheria ya mwaka 1882 iliwalazimisha watoto wote wa Ufaransa kupata elimu ya msingi tangu umri wa miaka 6 hadi 13. Hivyo walimu walipokea pia watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka 1904 serikali iliunda tume, chini ya Léon Bourgeois, kutafuta namna ya kuwafundisha. Binet alikuwa mjumbe wake.

Tatizo lilikuwa namna ya kuwatambua. Madaktari walitofautiana sana katika kumweleza mtoto yuleyule, na mwalimu aliweza kumpeleka katika darasa maalumu mtoto msumbufu ili tu kumwondoa. Binet alitaka kila mtoto apimwe kwa maswali yaleyale, pamoja na kuchunguzwa na daktari na kuangaliwa maendeleo yake shuleni.

Kipimo cha kwanza, kilichotolewa mwaka 1905, kilikuwa na majaribio 30 yaliyopangwa kuanzia rahisi hadi magumu: kufuata kwa macho kiberiti kinachowaka, kutaja vitu vilivyomo katika picha, kurudia tarakimu, kulinganisha uzito, kueleza maana ya maneno. Toleo la 1908 liliyapanga majaribio kwa umri, na toleo la mwisho lilitoka mwaka 1911.

Madarasa maalumu

Binet hakuona akili kama kiasi kisichobadilika. Alipendekeza mazoezi ya kuimarisha usikivu, kumbukumbu na utashi, kwa mfano kubeba chombo kilichojaa maji bila kumwaga, au kutazama vitu kwa sekunde chache kisha kuvikumbuka.

Sheria ya 15 Aprili 1909 iliruhusu kuanzisha madarasa maalumu ndani ya shule za msingi za umma, pamoja na shule maalumu zinazojitegemea. Hata hivyo, haikuzilazimisha wilaya na miji kufanya hivyo, na madarasa yaliyofunguliwa mwanzoni yalikuwa machache.

Baada ya kifo chake

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza kugawa umri wa akili kwa umri halisi. Hapo ndipo lilipotokea wazo la kueleza akili ya mtu kwa namba moja. Nchini Marekani Henry Goddard alikitafsiri kipimo, na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikirekebisha mwaka 1916. Wote wawili waliamini kwamba akili hurithiwa, na waliunga mkono kuwazuia watu wenye ulemavu wa akili wasizae.

Shuleni pia matokeo yalizua mabishano. Mwaka 1979, katika kesi ya Larry P. dhidi ya Riles, mahakama ya shirikisho iliikataza California kutumia vipimo vya akili kuwaweka watoto weusi katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili, kwa sababu vilikuwa na upendeleo na watoto hao walikuwa wamejazwa humo kupita kiasi.

Matoleo mapya ya kipimo cha Stanford-Binet bado yanatumika.