Speke na maji yaliyochemshwa Mwanza

Hapa Makoko, Musoma, maji ya ugali huchemka yakifika nyuzijoto 96 hivi. Pwani ni 100, na maji ya bahari huzidi kidogo kwa sababu ya chumvi. Kadiri unavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huwahi kuchemka.

Mwingereza John Hanning Speke, aliyezaliwa 1827, aliitumia tofauti hiyo. Agosti 1858, Mwanza, kipimajoto ndani ya maji yanayochemka kilimwonyesha kwamba ziwa liko takriban futi 3,700 juu ya bahari. Hakukosea sana. Akadai Mto Nile unaanzia humu. Richard Burton, mwenzake wa safari, alipinga. Mdahalo wao ulipangwa Septemba 16, 1864. Siku moja kabla, akiwa mawindoni, Speke aliuawa na risasi ya bunduki yake mwenyewe.