Harry Rawson: Shujaa wa Nani?

Mtihanini utatakiwa kueleza sifa za mhusika na kuzithibitisha kwa matendo yake. Kabla ya kurudi kwenye kitabu teule, jipime kwa mtu huyu aliyeishi kweli.

Maisha yake

Harry Rawson alizaliwa Surbiton, Uingereza, mwaka 1843. Alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1857, akiwa bado mvulana, akapigana China. Alipanda vyeo hadi kuwa admirali.

Agosti 1895 aliongoza kikosi kilichoiteka Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewapinga Waingereza katika pwani ya Kenya. Mwaka uliofuata, Khalid bin Barghash alitwaa usultani wa Unguja bila idhini ya Waingereza. Akapewa muda wa kuondoka. Muda huo ulipokwisha saa tatu asubuhi, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Rawson zilianza kulipiga kasri kwa mizinga. Vita vilidumu takriban dakika 38. Wewe uliyeko Thika au Ruiru, linganisha na kipindi chako kimoja cha dakika 40. Waliokuwa upande wa Khalid, watumishi wakiwemo, wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hamoud bin Mohammed akatawazwa, naye Rawson akatunukiwa nishani.

Februari 1897 aliuteka mji wa Benin, katika Nigeria ya leo. Maelfu ya sanamu za shaba na pembe za ndovu zilichukuliwa, na madai ya kuzirejesha hayajakwisha. Baadaye alikuwa gavana wa New South Wales, Australia, mwaka 1902 hadi 1909. Alifariki London mwaka 1910.

Tathmini

Ukisema Rawson ni jasiri, taja tendo. Ukisema ni katili, taja tendo pia. Lawama tupu haipati alama. Kumbuka alitii amri za serikali yake, lakini utiifu haufuti maafa. Zingatia pia anayesimulia: nishani za Rawson zimeandikwa, ilhali wengi waliofia kasrini hawajulikani hata majina.

Zoezi

1. Eleza sifa mbili za Rawson na uzithibitishe. (alama 4)
2. Mlinganishe Rawson na mhusika mmoja mwenye mamlaka katika kitabu teule. (alama 6)