Maisha ya Bwana Herbert Chapman, Mwalimu wa Mpira

Baada ya kurasa nyingi za mazao, maghala na mikopo, tumeona si vibaya kutoa nafasi kidogo kwa habari za mtu wa mbali, ambaye hakulima zao lolote, lakini alijua sana kazi ya kuwaunganisha watu. Vijana wetu wapendao mpira watamsoma kwa furaha, na wazee pia tunawaomba wasimpite.

Bwana Herbert Chapman alizaliwa tarehe 19 Januari, 1878, katika kijiji cha Kiveton Park, jirani na Sheffield, huko Uingereza. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, na kijana mwenyewe alisomea uhandisi wa migodi. Mpira aliucheza kama mshambuliaji, akihama toka timu hata timu, nyingi zao zikiwa ndogo: Rochdale, Grimsby, Swindon, Northampton na nyinginezo. Hata alipofika Tottenham alikumbukwa zaidi kwa viatu vyake vya rangi ya manjano kuliko kwa mabao yake. Mchezaji hodari hakuwa, wala hatuoni haja ya kumpamba.

Mwaka 1907 alikuwa karibu kurudi kwenye uhandisi wake. Northampton walimtaka mwenzake wa Tottenham awe meneja. Mwenzake huyo akakataa, akamtaja Chapman. Basi kazi iliyomletea sifa aliipata kwa kuwa mwingine hakuitaka. Timu hiyo ilikuwa imeshika mkia katika Ligi ya Kusini miaka miwili mfululizo. Mwaka 1909 ikawa bingwa. Chapman aliwapanga wachezaji kwa mpango uliofikiriwa kabla, akawakutanisha kuzungumza juu ya mchezo, na kila mmoja akapewa ruhusa ya kusema.

Mwaka 1912 alikwenda Leeds City, timu ya Daraja la Pili, akaiinua. Hapa tunawaomba makatibu na watunza hesabu wasome polepole. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 ilikatazwa kuwalipa wachezaji mishahara. Leeds City ilishitakiwa kwamba iliwalipa kwa siri, na chama cha mpira kikataka kuona vitabu vya hesabu. Wakurugenzi wakakataa kuvitoa. Mwezi wa Oktoba, 1919, timu ikafukuzwa katika ligi baada ya michezo minane tu, na wachezaji wake wakauzwa kwa mnada hotelini kama mali ya mdaiwa. Wako waliosema hukumu ile ilikuwa kali mno. Sisi hatuoni hivyo, kwani mwenye hesabu safi hana sababu ya kuzificha.

Chapman naye alifungiwa asiongoze mpira tena, ingawa alikwisha kujiuzulu mwaka 1918. Akafanya kazi kiwandani huko Selby, na kazi hiyo nayo ikamponyoka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, hana kazi, na jina lake limechafuka. Huddersfield Town ndio waliomsaidia kukata rufani. Ilielezwa kwamba wakati wa malipo yale yeye alikuwa akisimamia kiwanda cha risasi za mizinga cha Barnbow, na adhabu ikaondolewa.

Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu, hawakujuta. Walitwaa Kombe mwaka 1922. Mwaka 1924 wakawa mabingwa wa ligi kwa uwiano wa mabao tu, maana pointi zao 57 zililingana na za Cardiff City. Na mwaka 1925 wakarudia.

Mwaka huo akaenda Arsenal ya London, na sheria ya kuotea ikabadilishwa: badala ya wapinzani watatu, wawili tu walitosha kumhalalisha mshambuliaji. Mabao yakamiminika. Mwezi wa Oktoba Newcastle waliifunga Arsenal 7 kwa 0. Nahodha, Charlie Buchan, akashauri sentahafu arudi nyuma kuwa mlinzi; meneja akakubali shauri la mchezaji wake, na siku mbili baadaye West Ham wakafungwa 4 kwa 0. Mpango huo uliigwa katika nchi nyingi.

Kombe lilikuja mwaka 1930, kwa kuwafunga Huddersfield wale wale aliowalea. Ubingwa ulifuata mwaka 1931 na 1933. Aliwavalisha wachezaji namba migongoni, akapigania taa za kuchezea usiku, na mwaka 1932 kituo cha treni karibu na uwanja kikaitwa Arsenal, jina ambalo kingali nalo.

Mwanzoni mwa Januari, 1934, huku akiwa na mafua, hakukubali kukaa kitandani, bali alikwenda Guildford kuitazama timu ya tatu ya Arsenal, vijana ambao wakubwa wengine wasingejisumbua nao. Mafua yakageuka kichomi. Alifariki tarehe 6 Januari, akiwa na miaka 55. Siku ile ile Arsenal walicheza na Sheffield Wednesday kama ilivyopangwa, na msimu ulipokwisha walikuwa mabingwa tena.