Jaja wa Opobo na Bei ya Mawese

Ndugu msomaji, wewe unayelima pamba, kahawa au korosho, unajua uchungu wa kupangiwa bei na mnunuzi. Soma habari za Jaja.

Jaja alizaliwa katika nchi ya Waibo, ambayo leo ni sehemu ya Nijeria. Alipokuwa mtoto aliuzwa utumwani katika mji wa Bonny. Huko alijifunza biashara. Kwa akili na bidii akawa mkuu wa nyumba kubwa ya biashara.

Mwaka 1869 vita vilizuka Bonny. Jaja akahama na watu wake, akaanzisha mji wa Opobo. Mji huo ulikuwa kwenye njia ya mawese yaliyotoka bara. Viwanda vya Uingereza viliyahitaji kwa sabuni na kwa kulainisha mashine. Jaja aliwazuia wanunuzi wa Kizungu wasiende bara. Walipotaka kushusha bei, alipeleka mawese yake mwenyewe Liverpool.

Mwaka 1884 alitia sahihi mkataba na Waingereza, lakini alikataa kifungu cha biashara huria. Mwaka 1887 Konsoli Harry Johnston alimwita kwenye mazungumzo, akamwahidi usalama. Jaja alipofika, alikamatwa. Akapelekwa uhamishoni, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1891 aliruhusiwa kurudi, akafa njiani.

Jaja alishika mlango wa biashara peke yake. Alipoondolewa yeye, mlango ukabaki wazi. Je, katika kijiji chako mlango huo unashikwa na nani? Jadilianeni darasani.