Maisha ya Henry Ford, Fundi wa Motokaa

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai, 1863, katika shamba la wazazi wake karibu na mji wa Detroit, Marekani. Kijana huyu hakupenda jembe, alipenda mashine. Mwaka 1876 aliona njiani mtambo wa mvuke ukijiendesha bila farasi, na tangu siku ile hakutulia. Mwaka 1879 alikwenda Detroit kujifunza ufundi. Gari lake la kwanza, lenye magurudumu kama ya baiskeli, alilimaliza mwaka 1896, na mwaka 1903 akaanzisha kampuni pamoja na wenzake.

Siku zile motokaa zilikuwa za matajiri. Ford alimfikiria mkulima, maana alikulia kwao. Mkulima alitaka gari lisilokwama matopeni, lisilovunjika upesi, aweze kulitengeneza mwenyewe, tena liwe rahisi. Lakini fundi hawezi kutia kila kitu katika gari moja. Akiongeza hiki, bei hupanda. Akiongeza kile, uzito huzidi. Yampasa kupanga lipi litangulie na lipi liachwe.

Motokaa iliyoitwa Model T ilitoka mwaka 1908. Kwa sababu ya njia mbovu, tumbo lake liliinuliwa yapata inchi 10 kutoka ardhini. Ili iwe nyepesi na imara, Ford alitumia chuma cha pua kilichochanganywa na vanadi. Kichwa cha injini kiliweza kufunguliwa, ili matengenezo yawe mepesi. Pampu ya petroli haikuwamo kabisa. Petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililokuwa chini ya kiti. Basi penye mlima mkali, mafuta yakiwa machache, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume! Watu walicheka, lakini walinunua. Wakulima wengine waliinua gurudumu la nyuma, wakalifunga mkanda, wakapasulia kuni na kuvutia maji.

Mwanzoni bei ilikuwa kama dola 850. Mwaka 1913 Ford aliweka kiwandani mstari unaotembea, kila mtu akifanya kazi yake moja, na fremu iliyochukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa ikamalizika kwa dakika 93. Bei ikashuka hata chini ya dola 300. Tangu 1914 mpaka 1925 rangi ilikuwa nyeusi tu.

Hapa mimi namlaumu. Katika miaka ya 1920 barabara zilikuwa zimetengenezwa, na mnunuzi yule yule sasa alitaka gari lililofunikwa vizuri, lenye rangi na starehe. Chevrolet wakampa. Edsel, mwanawe Ford, alitaka mabadiliko, lakini mzee alishika mpango wake wa 1908 kana kwamba mkulima bado yumo matopeni. Mwaka 1927, baada ya kutengeneza magari milioni 15, ilimbidi aiache Model T na kusimamisha kazi kwa miezi, maelfu wakakosa mshahara, mpaka Model A ilipokuwa tayari. Wala sitaficha kwamba katika miaka hiyo gazeti lake liliwatukana Wayahudi, jambo la aibu.

Alifariki nyumbani kwake Dearborn tarehe 7 Aprili, 1947. Mto ulikuwa umefurika na umeme umekatika, kwa hiyo usiku ule nyumba ya tajiri huyo iliwashwa mishumaa na taa za mafuta.