Syd Barrett: kijana ambaye mashabiki wa Pink Floyd walikataa kumwacha aende

Tarehe 7 mwezi wa saba 2006, mwanaume mmoja wa miaka 60 alifariki katika mji wa Cambridge, Uingereza, kwa ugonjwa wa kansa ya kongosho. Majirani walimjua kwa jina la Roger: mtu mkimya, asiye na nywele kichwani, aliyezoea kupita na baiskeli akienda dukani. Siku chache baadaye habari ya kifo chake ilizunguka dunia nzima, lakini kwa jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliacha zamani. Dunia ilikuwa inamlilia Syd Barrett, mwanzilishi wa orkestra ya Pink Floyd.

Kati ya vifo hivyo viwili, kile cha Roger na kile cha Syd, ndipo penye ubishi wa mashabiki. Wengi wao walikuwa wanamkumbuka kijana wa miaka 21 aliyesimama jukwaani mwaka wa 1967. Kijana huyo hakuwa ameonekana tena kwa karibu miaka 40, na mtu aliyebaki mahali pake alikuwa anaomba kitu kimoja tu: aachwe.

Roger Keith Barrett alizaliwa Cambridge tarehe 6 mwezi wa kwanza 1946, mtoto wa nne kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa daktari, na nyumbani muziki na uchoraji vilipewa nafasi. Jina la Syd alilipata kwa marafiki wakati wa ujana. Mwezi wa 12 mwaka wa 1961 baba yake alikufa kwa kansa, Roger akiwa bado hajatimiza miaka 16. Mama, ili kuendesha nyumba, alianza kupangisha vyumba, na mara nyingi wapangaji walikuwa wanafunzi. Katika shule yake ya sekondari alisoma pia Roger Waters, mkubwa wake kidogo. David Gilmour, kijana mwingine wa mji huo, alikuwa rafiki yake wa kupiga gitaa pamoja. Majina hayo mawili yatarudi.

Mwaka wa 1964 Barrett alikwenda London kusoma uchoraji kwenye shule ya sanaa ya Camberwell. Hapo tayari walikuwepo Waters, Nick Mason na Richard Wright, wanafunzi wa usanifu wa majengo waliokuwa na kundi lao dogo lililobadilisha jina kila mara. Barrett ndiye aliyeleta jina lililodumu. Aliunganisha majina ya wapiga blues wawili weusi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Hilo ni jambo ambalo mashabiki wengi wa Pink Floyd hawalijui: jina la orkestra hiyo ya vijana wazungu limetoka kwa wanamuziki wawili weusi wa kusini mwa Marekani.

Mwanzoni walipiga nyimbo za blues kama makundi mengine mengi ya London. Kilichowatenganisha na wengine ni kwamba wimbo mmoja ungeweza kuwafikisha dakika kumi au zaidi, gitaa la Barrett likipitia kwenye mashine ya mwangwi, naye akitelezesha kiberiti cha chuma juu ya nyuzi. Gitaa lenyewe alilibandika vioo vidogo vya duara vilivyorudisha mwanga kwa watu. Mwezi wa 12 mwaka wa 1966 klabu ya UFO ilifunguliwa London katika barabara ya Tottenham Court, na Pink Floyd ikawa kama orkestra ya nyumbani hapo. Taa zilipita kwenye mafuta yenye rangi, zikawafunika wanamuziki hata sura zao zisionekane vizuri. Muziki wa namna hiyo uliitwa roki ya saikedeliki, yaani roki inayotaka kumtoa msikilizaji katika hali yake ya kawaida. Dawa ya kulevya inayoitwa LSD ilikuwa sehemu ya mambo hayo, na si vizuri kuficha hilo.

Waliokuwa UFO wakati huo wamebaki na kumbukumbu moja inayofanana: kwamba waliona kitu ambacho hakikuwepo kabla. Lakini nje ya London hali ilikuwa nyingine. Katika kumbi za dansi za mikoani watu walilipa kiingilio ili wacheze na kusikia nyimbo za redio, kisha wakakuta vijana wanne wanaopiga kelele ndefu gizani. Kuna sehemu walirushiwa sarafu na bia. Kwa hiyo mashabiki waligawanyika tangu mwaka wa kwanza, si baadaye kama wengi wanavyofikiri.

Nyimbo za redio pia Barrett alijua kuzitunga. Arnold Layne, uliotoka mwezi wa tatu 1967, unamhusu mtu anayeiba nguo za wanawake kwenye kamba za kuanikia, kisa kilichotokana na wizi uliotokea kweli Cambridge, katika nyumba za mama yake na mama yake Waters walipopangisha wanafunzi wasichana. Kituo cha Radio London kilikataa kuupiga, lakini ulifika nafasi ya 20. See Emily Play, wa mwezi wa sita, ulifika nafasi ya 6. Mwezi wa nane ikatoka albamu ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn, iliyorekodiwa kwenye studio za Abbey Road wakati Beatles walikuwa chumba cha jirani wakitengeneza Sgt. Pepper. Jina la albamu ni la sura moja ya kitabu cha watoto cha Kenneth Grahame. Karibu nyimbo zote ni za Barrett: mbilikimo, baiskeli, paka, sayari za mbali. Kwa sikio la haraka ni michezo ya watoto, ila chini yake kuna woga, na hilo ndilo linaloifanya albamu hiyo isizeeke.

Kisha mambo yakaharibika kwa haraka ambayo hadi leo inashangaza. Kabla mwaka haujaisha, Barrett alikuwa anasimama jukwaani gitaa likining'inia bila kuguswa, au akipiga noti moja usiku mzima. Safari ya Marekani ilikatishwa. Sababu gani? Wengine wanasema ni LSD peke yake. Wengine wanasema ugonjwa wa akili ulikuwa unamngojea tayari, na dawa ziliufungulia mlango. Wengine tena wanaona kwamba mchoraji alichoka kuulizwa wimbo mwingine wa kuuza. Hakuna ugonjwa ambao madaktari wake waliutangaza hadharani, na familia haikupenda kusikia anaitwa kichaa. Hadithi nyingine, kama ile ya kwamba alijipaka kichwani vidonge vilivyosagwa pamoja na mafuta ya nywele vikayeyuka chini ya taa, zimesimuliwa mara nyingi sana kiasi kwamba hata waliokuwepo hawakubaliani kama zilitokea. Mashabiki wanazipenda, lakini zinamgeuza mgonjwa kuwa kichekesho.

Mwanzoni mwa 1968 walimwita Gilmour asaidie kupiga gitaa, na kwa maonyesho machache walikuwa watu watano. Siku moja ya mwezi wa kwanza, wakiwa ndani ya gari kuelekea Southampton, waliamua kutopita nyumbani kwa Barrett kumchukua. Hakuna kikao kilichofanyika wala barua iliyoandikwa. Tangazo rasmi la kuondoka kwake lilitoka mwezi wa nne. Kuna mashabiki ambao hawajawasamehe hadi leo. Lakini waliokuwa ndani ya gari hilo walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu, wenye madeni na mikataba, na rafiki ambaye hakuna aliyejua namna ya kumsaidia. Ni vigumu kusema nani angefanya vizuri zaidi.

Gilmour, aliyechukua nafasi yake, ndiye aliyemshika mkono baadaye. Alisaidia kukamilisha albamu mbili ambazo Barrett alizitoa peke yake mwaka wa 1970, The Madcap Laughs na Barrett, na kwa miaka mingi alihakikisha pesa za nyimbo za zamani zinamfikia. Katika albamu ya kwanza ziliachwa sehemu ambapo mwimbaji anakosea na kuanza upya, karatasi zikisikika zikifunuliwa. Kuna mashabiki wanaosema huo ni ukweli mtupu wa mtu. Wengine wanasikia rafiki akianikwa mbele ya watu. Anayesikiliza leo anaweza kuwapa haki wote wawili.

Mwaka wa 1972 Barrett alijaribu kundi jipya huko Cambridge, likafa baada ya maonyesho machache. Ni mwaka huohuo mashabiki walipounda chama chao na kuanzisha gazeti dogo lililoitwa Terrapin, jina la wimbo wake mmoja. Gazeti lilidumu miaka michache likakoma, maana mtu waliyekuwa wanaandika juu yake hakuwa anatoa kitu chochote cha kuandikwa. Mwaka uliofuata David Bowie aliimba upya See Emily Play, na Pink Floyd bila Barrett ikatoa The Dark Side of the Moon, albamu ambayo inakadiriwa imeuza nakala zaidi ya milioni 40. Wengi walioinunua hawakuwahi kusikia jina lake.

Mwezi wa sita 1975, orkestra ikiwa Abbey Road inamalizia albamu ya Wish You Were Here, mtu mnene aliyenyoa nywele na nyusi aliingia studio. Wenzake wa zamani walikaa naye kwa muda bila kumtambua. Alikuwa Barrett, na Shine On You Crazy Diamond, wimbo mrefu wa albamu hiyo, ulikuwa umetungwa kwa ajili yake. Waters alilia.

Baada ya hapo alirudi Cambridge. Inasimuliwa kwamba alitembea kwa miguu kutoka London, karibu kilomita 80. Alilijia tena jina la Roger, akaishi na mama yake, kisha peke yake baada ya mama kufariki mwaka wa 1991. Alilima bustani, akatengeneza viti na meza kwa mikono yake, akachora picha, akazipiga foto na kuzichoma. Filamu ya BBC juu ya maisha yake ilipoonyeshwa mwaka wa 2001, aliiangalia kwa dada yake. Inasemekana alifurahi kusikia tena See Emily Play, lakini mengine aliyaona ni kelele nyingi.

Mashabiki walimfuata hadi mlangoni. Walikuja kutoka nchi za mbali na albamu mikononi wakitaka saini, na wapiga picha walimvizia barabarani akitoka dukani. Mara nyingi hakufungua mlango. Familia iliomba zaidi ya mara moja asisumbuliwe, kwa sababu kukumbushwa miaka hiyo kulimuumiza. Walioandika barua zenye machozi juu ya upweke wake ndio haohao waliobisha hodi. Mashabiki wa albamu ya kwanza wana haki kudai kwamba bila Barrett hakungekuwa na Pink Floyd. Kwa habari ya mlango, hawakuwa na haki yoyote.

Ubishi wa muziki unaendelea. Kundi moja linaona Pink Floyd ya kweli iliisha mwezi wa kwanza 1968. Lingine linaona ndipo ilipojifunza kufanya kazi. Tangu mwaka wa 2018 Nick Mason, mpiga ngoma, amekuwa akizunguka na kundi linalopiga nyimbo za miaka hiyo ya mwanzo tu, na kumbi zimejaa watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati UFO inafungwa.

Mwezi wa 11 mwaka wa 2006, vitu vya Roger Barrett viliuzwa kwa mnada huko Cambridge: viti alivyovitengeneza, vifaa vya kazi, daftari, baiskeli zake mbili. Mashabiki walishindana kwa bei, na zilipatikana karibu pauni 120,000. Familia ilizitoa zisaidie wanafunzi wa sanaa.